Mfuaji wa Mashuka Aliyejifunza Kuomba kwa Sauti

Saa kumi na moja alfajiri, korido ya chini ya hospitali bado ina giza na harufu ya klorini. Mlango wa mwisho uko wazi. Ndani, mwanamume aliyevaa gambuti na aproni ya plastiki ameinamia rundo la mashuka, anayachambua moja moja kama mtu anayechagua mchele.

"Ya damu huku, ya kawaida huku," anasema bila kuinua uso. "Ya damu hayaanzi na maji ya moto. Ukiyaanza na moto, doa litakaa humo mpaka siku ya kiama."

Anasukuma fungu la kwanza ndani ya mashine, anafunga mlango kwa goti, anabonyeza kitufe na kutega sikio. Mashine inakohoa, inanguruma, kisha inashika mwendo wake. Hapo ndipo anaponyoosha mgongo na kusalimia.

Kazini wanamwita Povu. Ni jina la utani, na utani wenyewe una mkuki ndani, maana mtu anayetoa povu ni yule aliyekasirika akaropoka yote ya moyoni. Huyu amefua hapa kwa karibu miaka thelathini na wengi hawajamsikia akimaliza sentensi mbili mfululizo.

"Tulimpa kwa sababu ya sabuni, na kwa kumchokoza," anasema mwenzake wa zamu, mama wa makamo ambaye idara nzima humwita Shangazi. "Huyu ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi."

Ana umri wa miaka hamsini na nne. Mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, ni wa wiki tatu, na ya nne wanajikaza. Ana binti mmoja, mwalimu katika mji mwingine. Na tangu mwaka jana, mvua zilipoanza, ni mjane.

Anasema neno hilo polepole. "Nilikuwa najua wajane ni wanawake. Kumbe hata mwanamume anaachwa."

Mkewe alikuwa ng'ambo ya korido hii hii, katika chumba cha ushonaji, kule mashuka yaliyochanika yanakotiwa viraka. Walifahamiana kwa sababu ya kazi. Povu alikuwa akipokea nguo za wodini, anatenga zilizochakaa na kuzipeleka kwa mafundi.

"Mwanzoni nilipeleka yaliyochanika," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Baadaye nikawa napeleka hata mazima. Siku moja akalikunjua shuka lote mbele yangu, akaniuliza, 'Kaka, hili limechanika wapi?'"

Ndoa yao ilifungwa ofisini, si kanisani, kwa kuwa bwana harusi hakuwa amebatizwa. Bibi harusi alikuwa wa kanisani toka tumboni mwa mama yake. Alimwomba mumewe abatizwe katika mwaka wa kwanza, akamwomba tena mwaka wa tano, kisha akaacha kumwomba yeye, akahamishia ombi hilo kwa Mungu. Sikukuu zikifika Povu alivaa shati jeupe na kumsindikiza. Siku nyingine alibaki nyumbani akitengeneza hiki na kile.

"Mimi na Mungu tulikuwa tunaheshimiana kwa mbali," anasema. "Yeye hanisumbui, mimi simsumbui. Mke wangu ndiye aliyekuwa anatupelekea salamu."

Ugonjwa ulianza kama maumivu ya tumbo ya kuja na kuondoka. Mwanamke akayafunga kwa mkanda wa kitambaa akaendelea kushona. Alipokubali kupimwa, uvimbe ulikuwa umeshafanya makazi. Akiba ya nyumba ikamalizikia kwenye vipimo, na miezi minane baadaye alilazwa ghorofa ya pili, juu ya chumba hiki hiki cha kufulia.

Kila mapumziko Povu alipanda ngazi. Shuka alilolalia mkewe alilifua mwenyewe na kulipiga pasi mara mbili, ya pili ikiwa ya bure tu, ili lipande juu likiwa na joto.

Siku yenyewe alikuwa kwenye pasi. Wauguzi wakija chumba cha kufulia huwa wamebeba kitu, mfuko wa nguo au karatasi ya kusainiwa. Aliyekuja mchana ule alikuja mikono mitupu.

"Nikamwona tu mikono," anasema Povu. "Hakuhitaji kusema."

Alipanda ngazi mbio na hakuwahi.

Msibani watu walikuja wengi, maana marehemu alikuwa mtu wa watu. Walipika, waliimba, walilala chini. Povu alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Mama mmoja wa kanisani akamshika mkono akamwambia maneno ambayo watu huambiana siku kama zile: kwamba wao walimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi.

"Nikamjibu, 'Kama alimpenda kiasi hicho, si angemponya?' Mtu mmoja akaanzisha wimbo ili kufunika aibu."

Hakuwa na nia ya kumkosea yule mama. Anasema hata leo wakikutana husalimiana vizuri. Lakini jibu lile lilimtoka kama kitu kilichokuwa kimekwama kooni. Watu walipotawanyika hakukanyaga kanisani hata kwa sikukuu. Redio ya Jumapili asubuhi, ambayo mkewe alikuwa akiifungulia nyimbo, ilibaki kimya juu ya kabati.

Alirudi kazini baada ya wiki mbili. Siku ya tatu akavuta shuka kutoka kwenye mashine na kuona kiraka karibu na pindo. Mafundi wengine hufunga uzi kwa fundo moja. Kile kilikuwa na mafundo mawili madogo yaliyokaa pamoja, na alijua mkono gani uliyafunga.

"Akazima mashine," anakumbuka Shangazi. "Akatoka. Nikampata nyuma ya jengo, amekaa juu ya ndoo ameshika shuka bichi. Sikumuuliza kitu. Nilimwambia tu, 'Kaa, mimi namalizia.'"

Nyumbani kulikuwa na mtu mwingine mwenye msiba uleule.

Mama mkwe wake ana miaka themanini na kitu, yeye mwenyewe hana hakika na hicho kitu. Amemzika mume na watoto watatu, marehemu akiwa wa tatu. Alikuja msibani na begi moja. Wageni wakaondoka, begi likabaki. Aliyepanga ni mjukuu wake, binti wa Povu.

"Nilimwambia baba, bibi hana mtu kule na wewe huna mtu hapo, kaeni pamoja," anasema binti huyo kwa simu. "Akaniambia, 'Mwanangu, huyo ni mkwe wangu.' Nikamwambia najua, baba, ndiyo maana bibi ni wangu."

Kukaa na mama mkwe nyumba moja si mchezo. Mkwe ni mtu wa heshima. Humwoni hovyo, naye hakuoni hovyo. Povu alijiwekea kanuni ya kukohoa kabla ya kuingia sebuleni. Shida ni kwamba bibi masikio yake yamechoka.

"Nakohoa, hasikii. Nakohoa tena, hasikii," anasema. "Mpaka jirani akaniuliza kama nimepima kifua."

Bibi naye alikuwa na adabu zake. Hakula mpaka mkwe amepakuliwa, na akishapakuliwa alihamia chumbani na sahani yake. Kwa majuma kadhaa watu wawili waliompenda mwanamke mmoja waliishi kama mabalozi wa nchi mbili, wakiulizana habari za asubuhi na kushukuru kwa chai.

Lakini vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta wa mbao. Na bibi, kama watu wengi wasiosikia vizuri, akidhani ananong'ona huwa anatangaza.

Asubuhi moja kabla ya kwenda kazini Povu alisikia sauti. Akadhani bibi anazungumza na mtu dirishani. Akatega sikio.

"Ni mimi tena," bibi alikuwa akisema. "Leo magoti yanauma, kwa hiyo nimekaa. Mwanangu umemchukua, na sikuelewi. Wa kwanza nilinyamaza. Wa pili nilinyamaza. Huyu sinyamazi. Umeniumiza, nakwambia mbele ya macho yako. Lakini nikikuacha wewe, niende kwa nani? Haya basi. Nipe nguvu ya kuwasha jiko."

Povu alisimama na kiatu kimoja mkononi. "Nilishtuka. Nilikuwa nadhani mtu akimsemesha Mungu hivyo, dari linamwangukia."

Dari halikuanguka. Baada ya muda mfupi alisikia kiberiti, kisha mlio wa sufuria.

Akaanza kuamka mapema kidogo ili asikose. Bibi alilalamika, alishukuru, alimsimulia Mungu habari za kuku wa jirani, akarudi kulalamika. Siku nyingine alilia, kisha akapenga kamasi na kuendelea pale alipoachia. "Ikawa kama redio yangu," anasema Povu. "Kitu kimoja nilikigundua. Alikuwa anamlaumu Mungu, lakini hakuwahi kumpa mgongo."

Siku moja alisikia akitajwa yeye.

"Na huyu mkwe wangu," bibi alisema. "Hataki kuongea na wewe. Simlaumu, ana haki yake. Ila mimi nimechoka kuwa mjumbe. Mwanangu alikuwa mjumbe wenu miaka yote, sasa ni mimi na uzee huu. Mwite mwenyewe."

Povu alikwenda kazini akapiga pasi mashuka ya siku nzima bila kujua ameyapigaje.

Haikupita miezi miwili ikaja asubuhi ya kimya. Alivaa, akangoja, hakusikia neno. Hakusikia kiberiti. Mtu aliyekwisha kuitwa mara moja kutoka kwenye pasi huwa haendi polepole. Alikohoa mlangoni kwa mazoea, akagonga, akasukuma mlango wa chumba ambacho hakuwahi kukanyaga tangu mama mkwe ahamie.

Bibi alikuwa ameketi kitandani, kitambaa kichwani, mikono magotini.

"Mama, umeamkaje?"

"Nimeamka, baba. Ila leo sina maneno. Leo ndiyo siku niliyomzaa. Niombee wewe."

"Mama, mimi sijui kuomba."

"Kusema unajua?"

"Najua."

"Basi sema."

Povu alisimama katikati ya chumba na gambuti zake chini ya kwapa. Akainamisha kichwa, akanong'ona kitu.

"Sisikii," alisema bibi.

Akaongeza sauti.

"Baba, sisikii. Unamwombea nani, wewe peke yako?"

Akaongeza tena, na sauti ilipofika pale bibi alipoweza kuisikia, ilikuwa imeshakuwa ya mtu anayepiga kelele. Na ikishakuwa kelele, anasema, maneno hayachaguliki tena.

"Nilimwambia Mungu, mimi ni mume wa yule. Unanijua kwa yule. Ulimchukua mimi nikiwa kwenye pasi, hata hukuningoja nipande ngazi. Ngazi zenyewe ni za ghorofa mbili tu. Nilimwambia nimekukasirikia na sijui nikufanye nini. Nyumba imekuwa kubwa. Mashuka aliyoyatia viraka yanakuja kila siku. Nilimwambia mama yake yuko hapa hana maneno na mimi ndiyo haya niliyo nayo, na kama uko, tusaidie, maana mimi nimeshindwa."

Bibi alikuwa akiitikia kwa kichwa. "Ehe," alisema. "Endelea."

Mlango wa nje ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa jirani, khanga mabegani, macho yamemtoka.

"Jamani, kuna nini huku? Baba, mkwe hafokewi."

"Hanifokei mimi," bibi alimjibu kutoka chumbani. "Anamfokea Mungu. Subiri amalize."

Jirani alisubiri. Povu hakumaliza, kwa sababu kilio kilimkamata, kile ambacho hakikumkamata msibani wala makaburini. Alilia amesimama, na bibi, heshima zote za ukwe zikiwa zimekaa pembeni, akamshika mkono akamketisha kando yake. Walilia wote watatu, jirani naye akiwa na wafu wake.

Mwishowe bibi akafuta uso. "Amina," alisema. "Sasa wekeni chai."

Simu ikamfikia binti kabla ya saa mbili. "Jirani aliniambia baba anamfokea bibi, kisha akaniambia hapana, wanaomba. Nikamwambia baba yangu haombi. Akaniambia, 'Njoo usikie mwenyewe.' Nikakaa kwenye ofisi ya walimu nikalia."

Povu alifika kazini amechelewa, jambo ambalo Shangazi hakumbuki likitokea kabla ya hapo. "Macho mekundu, lakini uso umefunguka," anasema. "Nikamwambia, Povu, leo kweli umetoa povu. Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba."

Alipoulizwa nini hasa kilitokea asubuhi ile, Povu anakunja shuka, pembe kwa pembe, analiweka juu ya mengine.

"Hakuna sauti iliyotoka mbinguni, nisikudanganye," anasema. "Maumivu yalikuwa yaleyale. Ila ni kama mtu aliyebeba gunia zito akidhani yuko peke yake, halafu anashtukia kuna mwingine ameshika upande wa pili. Gunia ni lilelile. Lakini hulibebi vilevile."

Tangu siku hiyo wanaomba pamoja kabla ya chai, kwa sauti, na mtaa umezoea. Sahani za bibi hazihamii tena chumbani. Wakila, yeye humsimulia mambo ya Biblia kama mtu anayesimulia habari za ukoo. Kuna jioni alimsimulia jinsi Yesu alivyofika kwenye kaburi la rafiki yake akalia, ingawa alijua kwamba muda si mrefu angemwita naye angetoka mzima.

Povu alimuuliza swali ambalo, anasema, mke wake angelifurahia. Kama alijua atamfufua, alikuwa analia nini?

"Alimpenda," bibi alimjibu. "Kujua mtaonana hakuzuii kuumia kwamba leo hamko pamoja. Kama yeye alilia, wewe ni nani ujifanye jiwe?"

Jibu hilo alikaa nalo kwenye pasi siku nyingi. Lilimwondolea kitu kilichomsumbua tangu msibani, ile dhana kwamba kuamini ni kujikaza, na kwamba mtu akilia amekosa imani. Jumapili moja ambayo haikuwa sikukuu akavaa shati jeupe. Watu wa kanisani walimkaribisha bila maswali. Mchungaji alimwambia neno moja tu, "Tulikuwa tunakusubiri," na Povu anashukuru hakuongeza la pili.

Hata kazini kuna kilichobadilika. Hivi karibuni mwanamke mmoja alifika mlangoni pa chumba cha kufulia, anababaika. Baba yake alikuwa amefariki wodini jana yake, na shuka lake la nyumbani, la maua ya kijani, lilikuwa limechanganyika na ya hospitali. Povu alilitafuta katika mifuko mpaka akalipata.

"Nikamuuliza, nilifue au nikupe lilivyo? Akasema lilivyo. Nikajua. Harufu ya mtu nayo ni mtu." Akalifunga kwenye mfuko safi, akamvutia kiti, akaketi naye. Mwanamke yule alilia, akauliza kwa nini Mungu amefanya hivi. Povu alimwambia hajui. Akamwambia pia kwamba swali hilo si dhambi, amuulize Mwenyewe, hata kwa ukali, ila asimnyamazie.

"Zamani ningemkabidhi shuka nikarudi kwenye mashine," anasema.

Sasa yuko katika darasa la ubatizo. Wanafunzi wenzake ni vijana wanaomwita babu na kumnong'oneza majibu ambayo mara nyingine si sahihi. Ubatizo ni mwezi ujao. Kila anayebatizwa huwa na msimamizi, mtu wa kumsimamia kama mzazi katika imani, na Povu aliulizwa amechagua nani. Alimtaja mama mkwe wake. Darasa likacheka, mchungaji akakuna kichwa, kisha akasema hajaona kanuni inayokataza.

Bibi alipoambiwa, alitaka arudiwe mara tatu, na si kwa sababu ya masikio. Ameshaagiza kitambaa kipya cha kichwa.

Binti atasafiri kuja. Povu anapanga siku hiyo, baada ya ibada, wapite makaburini wote watatu wakiwa na nguo zao za kanisani. Hana hotuba. Anataka tu kumweleza mkewe kwamba alichoomba kimejibiwa, na kwamba anasikitika kimechelewa.

Mashine ya kwanza imemaliza mzunguko, inapiga kengele. Anavaa glavu. Anaulizwa kama anatumaini kwamba, akishabatizwa, huzuni itakwisha.

"Haitakwisha," anasema. "Hata jana ilikuja, hapa hapa, nikaegemea ukuta. Na kesho ikija nitamwambia Mungu. Hilo tu ndilo limebadilika. Mimi na yeye sasa tunaongea."

Anafungua mlango wa mashine, mvuke unampanda usoni, na anaanza kuyavuta mashuka, moja baada ya jingine.